Ofisi ya kijiji ilikuwa giza totoro, mpaka siku nilipotaja jina la baba mkwe

Wakuu, habari za humu ndani. Wadogo zangu wote marahaba, hata ambao hamjaniamkia.

Nimesoma uzi wa yule kijana mwenye ofisi pale Singida mjini. Anauliza afunge taa gani, maana wafanyakazi wake ikifika saa nane wanashika vichwa na kazi haziendi. Mmemjibu mengi: LED, bulb ya njano, tube light ndefu. Mmoja kamwambia afukuze wote aajiri wengine wenye macho. Haya.

Mimi shule yangu ni kisomo cha watu wazima, na hapa naandika kwa kidole kimoja. Lakini habari ya mwanga wa ofisini naijua, maana nusura imfukuzishe mtu wangu kijijini. Nasema yaliyotokea. Nikiongeza la uongo, hii miwani ipasuke kabla sijamaliza.

Waliokuwepo ni hawa.

Mwenyekiti wa kijiji, Ndugu Mkumbo. Karani wake Nehemia, mtoto wa dada yake, ndiyo sababu alipata ukarani, ingawa kusoma alijua kweli. Mwajuma binti Rajabu, rafiki yangu, tulihamia siku moja tukapewa viwanja vinavyotazamana. Mzee Gunda, ambaye hakuwa na undugu na yeyote kati yetu lakini kila jambo yumo. Bwana Hamza wa ofisi ya tarafa, mtu wa Lindi. Mume wangu Zakaria. Na baba yake Zakaria, yaani baba mkwe wangu.

Jina la baba mkwe silitaji. Kwetu mke wa mtoto hataji jina la baba wa mumewe. Ukilitaja unamtolea kuku.

Sasa mzee wangu wazazi wake walimpa jina ambalo kwa Kiswahili ni tobo dogo. Yaani tundu, lakini dogo. Mmeshalipata? Kaeni nalo hukohuko. Mimi tangu nimeolewa kila kitu kwangu ni tobo. Sindano ina tobo. Panya kaingia kwenye tobo. Wenzangu walinicheka mpaka wakachoka.

Haya, tuje kwenye ofisi.

Ilikuwa miaka ile ya vijiji vya ujamaa, tumeshasogezwa tukakaa kwa mistari. Kijiji chetu kilikuwa upande wa Ulemo, unapokwenda Kinampanda. Ofisi tuliijenga kwa mikono yetu, nyumba ya tembe, paa la udongo, na mwanzoni ilikuwa na madirisha mawili.

Upepo wa Singida mnaujua. Siku ya kwanza ulichukua karatasi za mwenyekiti ukazipeleka kwenye mashamba ya mtama. Tulizikimbilia kijiji kizima, na nyingine mbuzi walishakula. Kesho yake Mkumbo akaamuru madirisha yazibwe kwa matofali.

Baba mkwe peke yake ndiye alisimama akamwambia, "Ndugu Mwenyekiti, hii sasa ni ofisi au pango la fisi?"

Watu walicheka. Mkumbo hakucheka. Kumbukeni hapo.

Mimi ndiye nilikuwa mfagiaji. Kazi yangu kufagia na kuwasha koroboi. Saa nne asubuhi, jua nje linachoma, mimi ndani nawasha koroboi! Ile ya kopo, utambi wa kitambaa, moshi mweusi. Nikitoka pale nikipenga kamasi ni masizi matupu.

Nehemia alikuwa kijana mzuri, lakini baada ya miezi michache macho yalimwiva mekundu kama ya mlevi, machozi yanatiririka, kichwa amekifunga kitambaa. Watu wakasema anakunywa. Mtoto wa watu alikuwa hajui hata harufu ya pombe, ni Mlutheri wa kwaya.

Na makosa sasa! Majina ya watu mimi nayakumbuka yote, kaya kwa kaya, kwa hiyo nilikuwa nayasikia yakisomwa mkutanoni nachoka. Msengi ameandikwa Msonge. Marehemu amepangiwa zamu ya kuchimba kisima. Mzee Gunda, mwenye mvi mpaka masikioni, akawekwa kwenye orodha ya wajawazito. Bwana mganga akamwita kliniki. Na Mzee Gunda akaenda! Anasema serikali ikikuita unakwenda, utajua mbele kwa mbele.

Mkumbo naye akaleta dawa yake: karabai. Wenye umri wangu mnaijua, ile taa ya kupiga pampu. Aliifuata Kiomboi mwenyewe, akarudi ameipakata kama mtoto mchanga.

Tukaipiga pampu. Wakuu, chumba kikawaka! Mkumbo akafurahi, hasa alivyoona kivuli chake ukutani kimekuwa kikubwa kuliko cha watu wote.

Lakini ile kitu inavuma shhhhh, husikii mwenzako. Inatoa joto, mnaloa jasho. Ukiitazama, ukigeuka huoni kitu, vimulimuli vitupu. Nehemia akaweka kichwa mezani akaniambia, "Mama Zefania, bora koroboi. Koroboi inanitia moshi. Hii inanigonga nyundo." Siku tatu, ule utambi wake kama soksi ukakatika, mafuta nayo hayapatikani. Tukarudi kwenye koroboi.

Ndipo akaja Bwana Hamza kukagua. Katoka juani, kaingia ndani, haoni. Akanyoosha mkono kwa heshima akasema, "Shikamoo mzee."

Aliamkia gunia la mbegu.

Akasubiri aitikiwe. Mimi nilikuwa pembeni na ufagio, nikauma kanga nisicheke. Alipojua ni gunia alitoka nje, akapanda baiskeli yake, akaenda.

Baada ya wiki kikaletwa kikaratasi kutoka tarafani, maandishi ya penseli, herufi kubwa, maneno machache kama ya simu. Nehemia akakisogeza kwenye koroboi, machozi yanamtoka, akasoma:

"WEKENI ... MKUTANONI, MWANGA AINGIE."

Hapo kwenye vidoti ni jina la baba mkwe. Na mwanga, mbali na nuru, mnajua ni nani: ni yule anayewanga, mchawi. Yaani tarafa imeagiza baba mkwe wangu asimamishwe mkutanoni, mchawi aingie watu wamwone.

Mkumbo uso ulimchangamka, hata kwenye giza lile nilimwona. "Nilijua," akasema. "Fisi anajua pango la mwenzake." Akatangaza mkutano wa keshokutwa.

Msicheke sana hapa. Siku zile mtu akishatajwa hivyo mbele ya watu, haijalishi ni kweli au si kweli. Nyumba inabomolewa, unaondoka na mbuzi wako na aibu yako, na wanao wanabaki watoto wa mwanga. Mzee alikuwa ameshahamishwa mara moja, mashamba ya baba yake ameyaacha kule. Sasa ahame tena, aende wapi?

Tulipomwambia, akasema, "Kama mimi ni mwanga, mbona mbuzi wangu wamekonda hivi?" Zakaria akacheka kidogo. Mzee hakucheka. Alianza kukunja ngozi yake ya kulalia.

Siku ya mkutano, asubuhi, nikaenda kufagia kama kawaida. Kikaratasi kipo mezani. Sijui nini kilinituma, nikakichukua nikatoka nacho mlangoni, kwenye jua.

Mimi nasoma kwa kuungaunga. U-KU-TA-NI. Nikarudia. U-ku-ta-ni. Siyo mkutanoni! Mbele: U-I-NGI-E. Mwanga u-ingie.

Nikajiuliza, sasa mchawi si mtu? Mtu a-naingia. Sasa hiki cha u-ingie ni nini?

Ni nuru! Na Bwana Hamza, mtu wa Lindi, jina la mzee angelijulia wapi? Kinachowekwa ukutani siyo baba. Ni tobo!

Mtu mwingine asingeliona upesi hivyo. Lakini mimi lile neno nimelikwepa miaka, najua lina miguu miwili, mmoja wa mtu, mwingine wa tobo.

Nikaacha ufagio, nikakimbia. Watu wameshajaa. Mzee amesimamishwa katikati, amevaa koti lake la kanisani, fundo la ngozi miguuni. Mkumbo ameshaanza kuongea.

Nikapaza sauti, "Ndugu Mwenyekiti, siyo baba! Ni tobo!"

"Tobo gani?"

"Tobo la ukutani!"

"Mama Zefania, tuko kwenye mambo ya wachawi, wewe unaleta habari za matobo. Kaa chini."

"Karatasi inasema tobo!"

Nehemia akasema kwa upole, "Mama, hakuna neno tobo kwenye karatasi. Nimesoma mwenyewe."

"Lipo, ila kwa jina lake!"

"Jina lake nani?" akadakia Mzee Gunda. "Tobo nalo lina jina?"

Watu wakaangua kicheko. Mwajuma akanivuta kanga, ananong'ona, "Shoga, litaje. Litaje yaishe."

Nikamtazama mzee. Mzee akatazama chini. Nikaona lile fundo la ngozi.

Nikafumba macho, nikapiga kelele: "KITUNDU! Wekeni KITUNDU ukutani, mwanga uingie! Ofisi haina dirisha, nyie watu!"

Wakuu, watu hawakushtuka kwa ajili ya uchawi. Walishtuka kwa ajili yangu. Mwanamke ametaja jina la baba mkwe, mara mbili, hadharani, kwa kelele. Wanawake walishika midomo. Baba mkwe alivuta koti akajifunika kichwa.

Nikampa Nehemia kile kikaratasi. Akakisoma palepale, juani. Akakigeuza, akakisoma tena.

"Mjomba," akamwambia mwenyekiti, akasahau hata undugu wa ujamaa, "ni ukutani. Mimi nilisoma gizani."

Mkumbo akajikohoza. "Hata hivyo..." akaanza. Hakumaliza, maana kutoka ndani ya koti kulitoka sauti:

"Kwa hiyo mkwe wangu ameniita tundu mbele ya kijiji kizima."

Akajifunua. Machozi yanamtoka, na anacheka. Kijiji kikalipuka. Alipopata pumzi akasema, "Leteni sururu. Kama ni mimi nimeagizwa ukutani, nitaingia mwenyewe."

Na akatoboa! Na koti lake la kanisani. Hakuzibua madirisha ya zamani, alitoboa upande ule upepo hauji, juu karibu na paa. Jua likaingia kama limemwagwa kwa ndoo. Tukaona mle ndani kulikuwa na kuku anaatamia, hakuna aliyewahi kumwona.

Mimi na Mwajuma tukapaka kuta udongo mweupe, chumba kikazidi kung'aa bila moto wowote. Meza tukaigeuza ili mwanga uje mkono wa kushoto wa Nehemia, kivuli cha mkono kisiangukie anapoandika. Baada ya wiki mbili macho yakarudi meupe, kitambaa kichwani akavua, akaanza kuimba nyimbo za kwaya kazini. Mzee Gunda akafutwa kwenye wajawazito. Tukamwambia hongera kwa kujifungua salama.

Karabai Mkumbo aliipeleka kwake, akawa anaitazama.

Sasa wewe kijana mwenye ofisi. Kabla hujanunua taa, nenda kakae kwenye kiti cha mfanyakazi wako saa nane mchana, usome kikaratasi chake. Halafu toka nacho mlangoni ukisome tena. Ukiona maneno mengine, tatizo siyo mfanyakazi. Na lile pazia zito ulilosema umeweka kwa ajili ya heshima ya ofisi, liondoe.

Kuku wa baba mkwe nilitoa wawili, jogoo na tetea. Alimla jogoo, tetea akanirudishia, akasema mara ya pili niliita dirisha. Mpaka leo kwangu hatusemi fungua dirisha. Tunasema, "Mfungulie babu aingie."

Waliokuwepo ni wachache sasa. Kama humu kuna mtoto wa Nehemia, au wa Mwajuma, au mtu yeyote wa kule, nisahihisheni nilipokosea majina au mpangilio wa mambo, sitakasirika. Ila lile jina la mzee hata kama nimekosea herufi liacheni hivyohivyo. Silirudii. Kuku niliobaki nao ni wa mayai.