Saa Iliyorudi Nyuma Mpakani

"Saa ya simu hairudi nyuma yenyewe," Gwantwa aliwaambia madereva mkutanoni. "Kuna mtu kairudisha."

Kwa maneno hayo Yassir akafukuzwa kwenye chama cha madereva wa malori Tunduma. Gwantwa, mzaliwa wa Ileje aliyesomea kompyuta, ndiye aliyetengeneza programu yao ya foleni: dereva akifika maegeshoni anabonyeza "Nimefika", simu inatuma saa, aliyewahi anavuka kwanza. Programu ilionyesha Yassir kafika saa tatu asubuhi. Watu kumi walimwona akiingia saa nne. Tajiri wake, Mama Raudha, akamnyang'anya funguo za lori siku hiyohiyo.

Wiki mbili baadaye likaja jina la dereva Ambakisye, mzee wa kanisa asiyejua hata kubadili mlio wa simu. Naye alikuwa amefika saa nzima kabla ya kufika. Chumbani kwake Vwawa, Gwantwa aliisoma programu mstari kwa mstari, akaijaribu mara arobaini. Haikukosea hata mara moja.

Ndipo akaenda Tunduma, akasimama mwisho wa maegesho, upande wa mpaka, simu mkononi. Ikatetemeka: ujumbe wa kumkaribisha Zambia. Hapohapo saa tano na robo ikawa saa nne na robo. Mnara wa ng'ambo uliinasa simu ukaipa saa ya kwao, na programu ikaiamini. Kila mtoto wa Tunduma anajua kwamba Zambia wako nyuma kwa saa moja. Hata yeye alijua. Ila kazi yake aliijaribia Vwawa tu, ambako mnara huo haufiki.

Marekebisho yalichukua dakika ishirini: saa isitoke tena kwenye simu, itoke kwenye kompyuta ya chama. Kisha akampigia Yassir, aliyekuwa Kamsamba akivuna mpunga wa watu.

"Kaka, nisamehe. Kosa lilikuwa langu."

"Umemwambia nani mwingine?"

"Wewe wa kwanza."

"Dada, kunichafua ulinichafua mbele ya watu sitini. Kunisafisha unaninong'oneza?"

Mwenyekiti wa chama, Mzee Ishaka, alimsihi Gwantwa anyamaze. "Binti yangu, ukisema hivyo nani ataibonyeza programu tena?"

Jumamosi Gwantwa akasimama mkutanoni, akasema kosa lilikuwa lake.

"Kumbe Yassir alifika Zambia kabla ya lori lake!" dereva mmoja akadakia. Wakacheka sana. Mzee Ishaka akatuma daftari liletwe. Foleni ingeandikwa kwa kalamu.

Gwantwa akaenda kwa Mama Raudha kuomba Yassir arudishwe kazini.

"Nimekuelewa, mwanangu," alisema yule mama. "Lakini lori liko Lusaka na dereva mwingine, ana watoto kama Yassir. Nimfukuze kwa kosa gani?"

Gwantwa akaaga. Alipotoka akampigia Yassir.

"Nimewaambia wote."

"Wakasemaje?"

"Walicheka."

Akasikia watu wakipiga mpunga, na mtu akimwita Yassir.

"Haya, dada," alisema. "Acha nirudi kazini."