Mzee Aliyekaa Langoni

Mwezi wa Ramadhani ulimtesa Abah Oyon kuliko watu wote wa mtaa wetu pale mjini Garut, na si kwa njaa. Njaa aliizoea. Kilichomtesa ni mikono. Mwaka mzima alisukuma mkokoteni wa uji wa wali na kuku tangu alfajiri, akigonga bakuli kwa kijiko, ting ting ting, watu watoke na vyombo vyao. Sasa Ramadhani nani atakunywa uji asubuhi? Mkokoteni ukafunikwa turubai, mikono ikakosa kazi. Mara afungue mlango, mara aufunge, mara ahamishe kiti, mara akirudishe.

"Abah, kaa chini bwana!" mkewe Kokom alimfokea. "Unanizungusha kichwa."

Basi akakaa. Akakaa mbele ya kompyuta kuukuu aliyoiacha binti yao Wiwin, akashika kile kidude cha kuchezea michezo, chenye vitufe, na hapo hakubanduka hadi magharibi, kila siku ya Mungu.

Usicheke. Mchezo wenyewe ulikuwa wa Wiwin. Yeye na wenzake wachache waliutengeneza mbali kule jijini Yogyakarta, katika chumba cha kupanga. Msichana mwenye taa na panga anashuka mapangoni chini ya mlima wa moto, anatafuta njia, anapigana na madubwana, anakufa, anaanza tena. Watu wa nchi za mbali waliusifu na kuutukana hapo hapo, kwa ugumu wake. Abah Oyon, ambaye mwanzoni hata kuruka shimo kulimshinda, alikuwa amewapita popo wa mawe, amelipita joka la matope, amefika lango la mwisho. Langoni akagota.

Pale alikaa mzee, kichwa kainamisha, hana habari na mtu. Ukimkaribia, aligonga kitu alichokipakata, kisha akakuchapa pigo moja tu. Kwisha habari yako. Unarudishwa nyuma kwenye moto wa mapumziko, uanze kushuka upya.

"Mzee huyu ana roho mbaya!" Abah Oyon alilalamika. "Mtu gani hasemi, hacheki, yeye kuchapa tu?"

"Mimi namjua mmoja wa namna hiyo," alijibu Kokom, akikata ndizi za kupika kwa tui.

Abah Oyon akaanza kushuka upya mapangoni. Roho ilikuwa juu juu. Wiwin angefika kesho kwa ajili ya Idi, na baba mtu alitaka mchezo uwe umekwisha kabla binti hajakanyaga kizingiti.

Sababu yake ni hii. Wiwin alipoacha kazi ya benki aende kutengeneza michezo, baba yake aliona aibu mbele ya mtaa mzima. Siku ya kuondoka, mzee alikuwa amekaa mlangoni anamenya vitunguu saumu. Binti akainama, akanyoosha mkono wa kulia chini kama alivyofunzwa tangu anatambaa, akasema, "Naomba njia, Abah." Na mkubwa akiombwa njia hujibu, pita. Hata mtoto wa jirani unamjibu. Hata mliyegombana naye. Abah Oyon akamenya kitunguu kingine. Msichana wa watu akabaki ameinama pale, anangoja, mpaka akachoka, akapita bila jibu.

Tangu hapo kila Idi alikuja, akapiga magoti, akabusu mkono wa baba, akaomba msamaha kama watoto wote wanavyoomba siku hiyo. Wakila, anaangalia saa ya basi. Mtoto akawa mgeni kwao! Abah Oyon aliumia, lakini mzazi naye amwombe mtoto msamaha kwa mlango gani? Hakufundishwa. Aliona heri aweze kusema, "Nimeumaliza mchezo wako." Hapo pangekuwa pa kuanzia. Zaidi ya hapo hakuwa na neno.

Basi alasiri hiyo akapigana kama mwendawazimu. Akamjia mzee kwa kushoto, akafa. Akamjia kwa kulia, akafa. Akamrukia kichwani, akamtupia taa, akafa vilevile. Midomo imekauka, mguu unachezacheza chini ya meza, jua nalo linakwenda zake.

"Idi itakukuta hapo hapo umekufa," Kokom alimwambia.

"Niache, mama Wiwin! Niache na huyu mshenzi!"

Mara akaingia Dayat, jirani yao, kijana mwenye mdomo, kaleta sahani ya tofu za kukaanga kwa ajili ya futari. Alitaka kupita katikati ya Abah Oyon na kioo cha kompyuta. Akainama, mkono chini. "Naomba njia, Abah."

"Pita, pita, unaniziba!" Abah Oyon alisema bila hata kumtazama.

"Na mbona unacheza mchezo bubu?" Dayat akauliza, akafungua sauti. Abah Oyon alikuwa ameizima tangu mwanzo wa mwezi, maana Kokom alisema kelele za mapanga hazifai Ramadhani.

Mzee wa langoni akagonga kitu chake. Ting ting ting.

Abah Oyon akashtuka. Akakisogelea kioo mpaka pua ikakaribia kugusa. Alichopakata mzee yule ni bakuli, na mkononi ana kijiko. Sauti ile aliijua, maana ilikuwa yake. Hakuna mwingine Garut aliyegonga hivyo.

"Ya Allah," alisema. "Kumbe ni mimi."

Dayat akafungua mdomo aseme lake, Kokom akamkanyaga mguu.

Abah Oyon akalirudisha panga alani. Akabonyeza kitufe cha kuinama, kile alichokuwa akikitumia kupenya chini ya miamba tu. Msichana akainama, akanyoosha mkono wa kulia chini. Akasogea taratibu mbele ya mzee. Ting ting ting. Hakupigwa. Akasogea tena. Ngoma ya msikiti ikalia, adhana ikafuata, Kokom akamsogezea maji, wala asiyaone.

Mzee wa langoni akainua kichwa, akakunja miguu yake kupisha. Chini ya kioo yakatokea maandishi: *Pita, Neng.* Ndivyo Abah Oyon alivyomwita binti yake tangu alipozaliwa, Neng.

Lango likafunguka. Abah Oyon alilia waziwazi, mbele ya Dayat na tofu zake.

Kesho yake tangu asubuhi alikuwa mlangoni, na beseni la vitunguu saumu. Alimenya, akainuka kuchungulia barabara, akakaa, akamenya. Sentensi yake ya mchezo alikuwa ameikariri usiku kucha.

Wiwin akatokea na begi mgongoni. Alipoona baba alivyokaa, akasita kidogo. Kisha akainama, mkono chini. "Naomba njia, Abah."

Sentensi ikampotea yote.

"Pita, Neng," alisema. Akalisogeza beseni kando. "Pita, mwanangu. Nilikuacha umeinama muda mrefu."

Wiwin hakupita. Alivua begi, akakaa kizingitini ubavuni mwa baba yake, akachukua kitunguu, akaanza kumenya.