Baiskeli ya Marehemu na Kiingereza Changu

Siku ya kwanza kazini nilivaa kaptula ya kaki niliyoinyoosha kwa pasi ya mkaa, soksi ndefu mpaka magotini, na viatu ambavyo nilivibeba mkononi kutoka mtaa wa Mirongo, mjini Mwanza, hadi karibu na Boma ili visipate vumbi. Nilikuwa nimemaliza darasa la nane, mtoto wa mkulima wa pamba wa Magu, na nilikuwa nimewashinda vijana wengi walioitaka nafasi ile ya mkalimani wa mahakama. Nasema hivyo bila haya kwa sababu ni kweli. Kiingereza changu kilikuwa kizuri kuliko chao, na nilikipata kwa jasho langu mwenyewe.

Karani Mkuu wa mahakama alikuwa Mhaya wa makamo, Mlutheri, mtu wa miwani na sauti ya taratibu. Nilimwamkia, "Shikamoo, Mzee." Akaitikia, kisha akaniangalia miguuni.

"Hivyo viatu umekuja umevivaa au umevibeba?"

"Nimevibeba, Mzee."

"Kesho vivae tangu nyumbani. Hakimu hatazami viatu vyako. Anasikiliza mdomo wako."

Asubuhi ile ile akanifundisha sheria ya kazi yetu. Vijana wa leo hudhani mkalimani ni mtu anayejua lugha mbili tu. Sivyo. Mkalimani wa mahakama anakopesha mdomo wake. Mshtakiwa akisema "mimi," nawe unasema "mimi," hata kama anakiri kumkata mtu panga. Ukisema "huyu anasema kwamba," umeshakuwa mtazamaji. Huongezi, hupunguzi, hulainishi tusi, hunyooshi uongo. Na jambo kubwa kuliko yote, huna maoni. Ukiwa na maoni, alisema Karani Mkuu, yaache nje pamoja na kofia yako.

Basi nikaanza kutafuta maneno. Nilisoma kila kilichoandikwa: makopo ya biskuti katika duka la Mhindi, matangazo ya meli pale bandarini, magazeti ya zamani yaliyofungiwa sukari. Sikujifunza neno moja moja. Nilijifunza kwa koo. Nikikutana na neno jipya nilimtafuta baba yake, watoto wake na mashemeji zake. Neno "judge" nililikuta lina mtoto aitwaye "judgment" na mjukuu mkorofi aitwaye "prejudice," yaani kumhukumu mtu kabla hujamsikiliza. Njia hiyo niliibuni mwenyewe, na baadaye niliwafundisha wengi. Nawashauri wanafunzi waitumie mpaka leo, maana neno likishakuwa na ndugu halipotei kichwani.

Karani Mkuu alikuwa akinicheka. "Wewe kijana unameza kamusi kama mtu anayemeza samaki na miiba yake."

"Lakini sijakwama, Mzee."

"Bado unatafuna wadogo."

Kila baada ya muda Hakimu Mkazi, Mwingereza mrefu ambaye hakupenda kurudia swali, alitoka kwenda kusikiliza kesi nje ya mji, nami nilifuatana naye. Tulikwenda Magu, ambako mama yangu alikuja kusimama nyuma ya umati asikie mwanawe akizungumza na Mzungu. Tulivuka Busisi kwenda upande wa Geita, tukisubiri pantoni huku nikirudia maneno chini ya pumzi. Kesi zilikuwa za ng'ombe, mipaka ya mashamba, ugomvi wa vilabuni. Nilizikalimani zote bila kigugumizi. Hakimu alizoea kusema, "Endelea," na mimi nikaendelea. Kwa miaka ile niliamini kwamba elimu yote iliyo na maana imo katika kamusi, na kwamba mambo aliyonisimulia babu yangu pale nyumbani yalikuwa ya kupitishia jioni tu.

Kisha ikaja kesi ya fundi Kondo.

Kondo alikuwa Mzaramo, fundi seremala aliyekuja Mwanza kwa kazi za reli akabaki. Alishtakiwa kwa wizi wa baiskeli. Mwenye baiskeli alikuwa mzee wa Kisukuma aliyekuwa jirani yake, na mzee huyo alikuwa amekufa. Siku ya maziko, mbele ya waombolezaji wote, Kondo alipanda baiskeli ya marehemu akaondoka nayo. Aliyemshtaki ni Masanja, mwana wa marehemu, kijana aliyekulia Kisumu kwa mjomba wake na aliyerudi kwa ajili ya msiba tu. Alikimbilia polisi siku ile ile bila kumuuliza mtu. Wazee wa ukoo walipopata habari, jalada lilikuwa limeshafika kwetu, na mambo yakishafika mahakamani hayarudi kwa kuitwa.

Shtaka likasomwa. Nikamwuliza Kondo kwa Kiswahili kama ni kweli alichukua baiskeli ile.

"Nilichukua," akasema. "Tena ni mbovu, haina breki. Ningejua ningechukua mbuzi."

Watu nyuma wakacheka. Nikaitafsiri yote, pamoja na breki na mbuzi. Hakimu hakucheka.

"Alipewa ruhusa na nani?"

"Ruhusa ya nini? Ni haki yangu. Mzee yule ni Msukuma na amekufa. Nilimwambia huyu mtoto wake, ukiitaka njoo uikomboe kwa jogoo."

Nikatafsiri: ni haki yangu, mwenyewe amekufa, nilimwambia mwanawe aikomboe. Nilikuwa na neno la haki, neno la kufa, na neno zuri sana la kukomboa ambalo nilikuwa nimelipata wiki chache kabla na nilikuwa nalisubiria nafasi. Na hapo ndipo nilipoona kinachotokea. Inspekta wa polisi aliyeendesha mashtaka alikuwa anaandika kwa furaha. Hakimu alikuwa amekunja uso. Kwa Kiingereza changu safi, mtu aliyekuwa kizimbani alikuwa jambazi aliyempora maiti, kisha akamdai yatima malipo. Kila neno nililolitoa lilikuwa sahihi, na kila neno sahihi lilimsogeza Kondo gerezani.

Kila Msukuma na kila Mzaramo aliyekuwa mle ndani alijua kwamba Kondo hakuiba. Alikuwa mtani. Mtani msibani anatukana, anachekesha, anachukua kitu cha marehemu mpaka kikombolewe, na asipofanya hivyo wafiwa wanaona wamedharauliwa. Lakini hilo Kondo hakulisema, kwa kuwa hakuna anayeeleza jambo ambalo kwake liko wazi kama mchana. Na mimi sikuruhusiwa kusema neno ambalo hakulisema.

Hakimu akashika kalamu. "Mshtakiwa anakiri?"

Sikulitafsiri swali lile. Karani Mkuu akainua macho mezani pake. Nilijua kabisa ninachokiweka rehani: mshahara wangu, chumba changu cha Mirongo, na jina langu kule Magu. Nikasema kwa Kiingereza, "Mheshimiwa, mkalimani anaomba kusema kwa kinywa chake mwenyewe."

Inspekta akasimama upesi. "Mheshimiwa, huyu ni mkalimani au wakili?"

"Wewe ni shahidi katika kesi hii?" Hakimu akaniuliza.

"Hapana, mheshimiwa. Lakini nimetafsiri kila kitu na mahakama haijasikia kitu."

Nilidhani nimemaliza kazi siku hiyo. Hakimu akaahirisha kesi mpaka kesho yake na kuagiza mkalimani mwingine aletwe. Alisema kama nina jambo la kueleza, nitaapa kama shahidi na nitaulizwa kama shahidi. Nilipotoka nje Karani Mkuu alinifuata.

"Umeivunja sheria yangu."

"Ndiyo, Mzee."

"Sasa uivunje vizuri. Atakuuliza kwa nini. Wazungu hawatosheki na desturi, wanataka sababu. Sababu unayo?"

Nilikuwa nayo, ila sikuwahi kudhani kwamba ni elimu.

Kesho yake nilipanda kizimba cha mashahidi. Nilianza kwa kusema kwamba ni mzaha kati ya makabila, na Hakimu akanikata hapo hapo. "Wizi si mzaha. Kwa nini kabila moja limpe mgeni haki ya kuchukua mali katika nyumba ya msiba?"

Basi nikaacha kamusi, nikamsimulia habari za babu yangu. Babu alikuwa mpagazi. Alibeba pembe za ndovu kutoka kwetu hadi pwani, safari ya miezi mingi, na hatua za mwisho zilipita katika nchi ya Wazaramo. Alinieleza kwamba mwanzoni walipigana, kisha wakapatana, wakawa watani. Mpagazi akifa njiani huko, mbali na mama yake na ukoo wake, ni Wazaramo waliochimba kaburi. Wenziwe walikuwa wamechoka na wana hofu, na bado wana mizigo ya kubeba. Kwa hiyo waliozika ndio waliochekesha, ili wale waliobaki wapate moyo wa kuendelea. Na aliyezika alichukua kitu cha marehemu, iwe nguo au kibuyu, kwa kuwa amefanya kazi ya ndugu mahali ambapo ndugu hayupo.

"Mtani hachukui kabla ya kutoa, mheshimiwa," nikasema. "Ningeomba mahakama imuulize mlalamikaji ni nani alichimba kaburi la baba yake, na ni nani alichonga jeneza."

Inspekta akaanza kupinga, lakini Hakimu alikuwa ameshamgeukia Masanja. Kijana akajibu kwa sauti ndogo kwamba jeneza lilichongwa na fundi Kondo, na kaburi vilevile alianza kulichimba yeye.

"Ulimlipa kiasi gani?"

"Alikataa kulipwa. Alisema atajilipa mwenyewe."

Mama yake Masanja, aliyekaa nyuma na kanga yake ya msiba, akasema bila kuulizwa, "Mwanangu, si ungeniuliza mimi." Hakimu hakumnyamazisha.

Kondo aliachiwa asubuhi ile. Hakimu alisema hakuona nia ya kuiba, na bila nia hiyo hakuna wizi. Nje, chini ya ngazi, nilisubiri shukrani zangu. Kondo akanijia akiwa ameshika kofia.

"Wewe Msukuma," akasema, "umechelewa sana kufungua mdomo. Jana ulikuwa unanifunga kwa Kiingereza kizuri kabisa."

Masanja alimpelekea jogoo jioni. Baiskeli ikarudi nyumbani, nasikia ikiwa na breki mpya.

Siku chache baadaye Hakimu aliniita ofisini kwake. Nilivaa nikijua nakwenda kufukuzwa. Akaniambia nikae, jambo ambalo hakuwahi kunifanyia. "Una maneno mengi kuliko makarani wangu wote," alisema, "lakini juzi ndiyo mara ya kwanza umenieleza kitu. Nimeandika ili upelekwe masomoni." Namshukuru mpaka leo. Angeweza kuniadhibu na hakuna ambaye angemlaumu.

Afisa Elimu wa Jimbo alitaka nikasome utunzaji wa hesabu. Alikuwa mtu mwema na aliongea kwa nia njema. "Nchi yenu inakaribia kujitawala," alisema. "Itahitaji wahasibu, wapima ardhi, mabwana shamba. Historia itamlisha nani?"

"Bwana Afisa," nilimjibu, "mtu mmoja yuko nyumbani kwake anakula ugali leo kwa sababu ya historia. Bila hiyo angekuwa anakula wa gerezani."

Alicheka, akasaini. Nikaenda Uingereza, nikasoma historia, lugha, fasihi na mila za watu katika chuo kimoja cha mji wa mvua isiyokwisha. Wenzangu wengi walitokea shule kubwa zenye majina. Mimi nilitoka shamba la pamba, na nilipata stashahada yangu kwa alama ambazo mwalimu wangu alizisoma kwa sauti mbele ya darasa. Huko maneno ya Kiingereza yaliongezeka maradufu, lakini sasa kila neno lilikuja na watu wake. Nilipojifunza neno la mkulima asiye na ardhi, nilisoma pia namna ardhi yake ilivyokwenda.

Nilirudi kwa meli hadi Mombasa, kwa treni hadi Kisumu, na kwa meli ya ziwani hadi Mwanza, miezi michache kabla ya Uhuru. Nilishuka na suti ya kijivu na masanduku ya vitabu, na wapagazi wa bandarini waliniuliza kama ni mawe. Mara hiyo nilivaa viatu tangu nilipotoka. Serikali mpya ilinipa kazi ya kuwafundisha wakalimani na makarani wa mahakama za kanda yetu, na wengi wa waliokaa mbele yangu walikuja kuwa mahakimu wenyewe. Niliwapa maneno kwa koo zake. Kisha nikawapeleka misibani, harusini na minadani, wakaketi na kusikiliza. Wapo walionung'unika kwamba hawakuja kusomea matanga. Wale wale wameniandikia baadaye kunishukuru.

Siku ya kustaafu kwangu walinifanyia tafrija pale mahakamani. Karani Mkuu alikuwa ameshatangulia mbele ya haki, na nilimtaja kwanza kabla ya wote. Nilieleza safari yangu tangu Magu, stashahada yangu, na watu niliowafundisha. Huenda nilisema kwa kirefu, maana nina mengi. Katikati ya hotuba, mzee mmoja mwenye bakora, ambaye hakualikwa na alikuwa ameshika kiti cha mbele, akapaza sauti.

"Msukuma, fupisha. Na useme ukweli, ni nani alikupeleka Ulaya? Kama si mimi kupanda kizimbani, ungekuwa karani wa kubeba viatu mpaka leo. Unanidai nini, na mimi ndiye ninayekudai wewe?"

Nilimjibu kwamba Mzaramo hajawahi kupeleka mtu mahali popote ila kaburini. Akanionyesha bakora. Mahakimu vijana waliokuwa pale, watu wa Bukoba, wa Ukerewe, wa Musoma, wa Usukuma kwetu, wakacheka mpaka wakafuta machozi, na mmoja wao akaenda kumwongezea Kondo wali. Hakuna aliyeniomba nitafsiri.