Kadi ya Zamani Ndani ya Kompyuta Mpya

Iko asubuhi moja ambayo hainitoki kichwani, mwanangu, hata sasa ambapo mengi yamenitoka. Nimeisimulia kwa vijana wengi nikachoka, maana wengi huitikia tu kisha huenda kufanya yale yale. Lakini umeniambia umeanza kazi ya ufundi, basi keti nikusimulie tena.

Ilikuwa katikati ya miaka ya tisini. Nilikuwa fundi katika karakana ya Mzee Makokha kule Makadara, nyuma ya maduka, mwendo mfupi kutoka mahakamani. Tulitengeneza mitambo ya umeme ya viwanda. Chombo chetu kikubwa kilikuwa osiloskopu, ile inayokuonyesha umeme kama mstari unaopanda na kushuka, ukaweza kupima jambo limechukua muda gani. Yetu haikuwa na kioo chake. Ilikuwa kadi iliyochomekwa ndani ya kompyuta, na programu yake ilikaa kwenye disketi moja iliyokwisha kufifia maandishi. Mzee aliipenda kadi ile. Kila mwezi aliichomoa na kusugua meno yake ya shaba kwa kifutio cha penseli, taratibu, kama anayemwosha mtoto uso.

Kompyuta yenyewe ilikuwa imechoka. Feni ililia, na ukiwasha asubuhi unaweza kunywa chai ukamaliza kabla haijawa tayari. Hatimaye Mzee akapata nyingine, si mpya ya dukani, lakini kwetu ilikuwa mpya na ina kasi. Akaniachia mimi kazi ya kuhamisha kadi.

“Barasa,” akaniambia, “ukimaliza, pima na kisanduku kwanza. Halafu uandike kwenye daftari kwamba umepima.”

Kisanduku hicho alikiunda mwenyewe. Kilikuwa na kazi moja tu, kutoa mpigo mmoja kila sekunde. Ukikiunganisha na osiloskopu unajua mara moja kama chombo chako kinasema kweli.

Mwanangu, kadi iliingia vizuri. Programu ilifunguka upesi kuliko nilivyowahi kuiona, na mstari ukawa unateleza kwenye skrini bila kukwama. Nilifurahi mno. Nikaona kupima na kisanduku ni mambo ya wazee. Nikafungua daftari, nikaandika “Nimepima, iko sawa,” nikatia sahihi yangu.

Juma hilo hilo nikatumwa kiwanda kimoja kule Industrial Area, kukagua mashine ya kubonyeza vifuniko vya sufuria. Mfanyakazi huweka bati la alumini, anakanyaga pedali, na mashine hungoja sekunde moja ili atoe mikono, ndipo ishuke. Nilikuwa nimebeba kompyuta yote kwenye gari la kiwanda. Nikapima ule muda wa kungoja, skrini ikasema sekunde mbili na nusu. Nikamwambia msimamizi mashine yake imezeeka, inachelewa. Nikachukua bisibisi, nikazungusha skrubu ya muda mpaka skrini ikasoma sekunde moja kamili. Msimamizi alifurahi, kazi sasa ingekwenda haraka.

Aliyetumia mashine ile alikuwa Mama Atieno, mjane kutoka Siaya aliyekaa Maringo na watoto wake watatu. Alikanyaga pedali mara mbili, akasimama, akanifuata nikifunga nyaya.

“Fundi, hii mashine imekuwa na haraka. Inanikimbiza.”

“Ilikuwa imechelewa, mama. Sasa ndiyo iko sawa. Kompyuta imesema sekunde moja.”

“Mimi sijui kompyuta,” akasema. “Najua mikono yangu. Jana ilikuwa inatoka bila wasiwasi.”

“Utazoea, mama.”

Ndivyo nilivyomjibu. Mwanamke aliyekaa na mashine hiyo miaka saba, mimi nikamwambia atazoea.

Siku ya tatu alikatika vidole viwili vya mkono wa kulia.

Habari ilifika karakana kabla ya chakula cha mchana. Tena ikaja na maneno kwamba kiwanda kinasema ni uzembe wake, na huenda asirudi kazini. Mzee Makokha alifungua daftari, akaisoma sahihi yangu, akaniuliza, “Ulipima?”

“Nilipima, Mzee.”

Alikwenda kabatini, akatoa kisanduku, akakiunganisha mbele yangu. Mstari ukaruka, ukaruka tena.

“Soma.”

Nikasoma. Kutoka mpigo hadi mpigo, skrini ilisema sekunde mbili na nusu.

Baadaye ndipo tulipoelewa. Programu ile ya zamani ilihesabu muda kwa mwendo wa kompyuta yenyewe. Kompyuta ya kasi iliifanya kila sekunde moja isomeke mbili na nusu. Mashine ya kiwandani haikuwa imechelewa hata kidogo. Mimi ndiye niliyeipunguzia muda, chini ya nusu sekunde ikabaki.

Nilingoja Mzee anifokee. Aliketi tu, akavua miwani. “Kukosea kupima ningekuelewa,” akasema polepole. “Lakini umeandika umepima. Yule mama aliamini sahihi yako bila hata kuiona. Sasa nenda ukawaambie kiwandani, kabla hawajamfukuza kwa kosa lako. Mimi nitakuja nyuma yako.”

Nilikwenda. Nikamwambia meneja mbele ya msimamizi. Hawakutuita tena. Lakini Mama Atieno alipopona walimrudisha, wakampeleka upande wa kufunga mizigo. Nilimtembelea hospitalini kumwomba msamaha. Aliutazama mkono wake uliofungwa bendeji, akasema, “Nilikuambia, fundi.” Kunisamehe alinisamehe miaka mingi baadaye, na hata hivyo sikuona nafuu niliyoitazamia.

Basi mwanangu, shika haya. Ukibadilisha kitu kimoja katika chombo cha zamani, usidhani vingine vyote vimebaki vilivyokuwa. Kipime upya kwa kitu unachokijua, hata kama kinapendeza macho. Usitie sahihi kwa kazi ambayo mikono yako haikuifanya. Na mtu anayekaa na mashine kutwa akikwambia imebadilika, zima umeme kwanza, umsikilize. Ukikosea, sema mapema, ukiwa bado unaweza kumwokolea mtu jambo lolote.

Mungu akutulize mikono, akupe sikio la kusikia wadogo na wakubwa. Na kila atakayegusa kazi yako jioni arudi nyumbani mzima.