Bi Mapazia na Jengo la Zege Tupu

Mpokezi wa jengo lile la ofisi aliitwa Bi Mapazia, na jina alilitafuta mwenyewe. Siku ya kwanza kazini alizitazama kuta, zege tupu la kijivu, halina lipu wala rangi, ghorofa za juu zimetokeza mbele kama kitambi, akasema, "Hapa mafundi walikimbia kazi." Kesho yake akaja na mapazia ya maua, akayatundika ukutani pasipo na dirisha.

Jioni, mumewe, seremala mpole, ndiye aliyesikiliza mashtaka. "Leo limenichubua kiwiko, zimwi lile!"

"Pole, mke wangu," mume hujibu, macho kwenye sahani.

Miaka ikapita. Bi Mapazia akamganda meneja kuhusu rangi hadi akasalimu amri. Ikachaguliwa ya waridi. Nguzo ya kwanza ilikuwa imekwisha kupakwa alipopita mhadhiri wa usanifu majengo. Mama yule alitupa mkoba chini.

"Acheni, jamani! Acheni!"

Bi Mapazia akatoka, mikono kiunoni. "Kwani kuna msiba?"

"Dada, majengo ya namna hii yamebaki machache. Hili halijipambi, linakuonyesha wazi linavyojibeba. Ghorofa zilizotokeza zinazipa za chini kivuli. Umewahi kuhitaji feni humu?"

Bi Mapazia akatazama dari, hapana feni hata moja. Hakuwahi.

"Na hii mistari ukutani ni alama za mbao zilizoshikilia zege likiwa bichi. Aliyezipanga alikuwa fundi kwelikweli."

Usiku ule akayasimulia huku akicheka. Mumewe akaacha kula.

"Mbao za upande wa mlangoni nilizipanga mimi," akasema, "nikiwa kijana."

"Wewe! Miaka yote natukana, umenyamaza?"

"Siku tulipojuana uliniambia waliojenga pale wafungwe jela. Nami nilikuwa natafuta mke, sikuwa natafuta kesi."

Alimnunia mpaka kulipokucha, kisha akamshika mkono wakaenda wote. Mume akamwonyesha alama ya ubao mmoja uliokaa upogo. "Huu niliupiga nikikuwaza. Ulikuwa unauza vitambaa ng'ambo ya barabara, hata hukuwa unanijua."

Bi Mapazia akaipapasa alama ile, akaipangusa vumbi kwa kiganja. Jambo geni kwake.

Akamganda tena meneja, naye akasimamisha rangi. Siku hizi wageni wakija kulitazama jengo, Bi Mapazia ndiye huwatembeza. "Baya ni baya," huwaambia, "lakini huku mlangoni nawaomba adabu. Huku ni kwa shemeji yenu."