Nchi Iliyochorwa Juu ya Ubao

Mwaka 1987 Alistidia alirudi kwao Rubafu akiwa na sanduku la bati na jembe lisilo na mpini. Mumewe alikuwa amezikwa Muleba majuma sita nyuma, baada ya kukondeshwa na ugonjwa ambao wengi walikuwa bado wanauita Juliana, kwa jina la nguo za magendo zilizovuka mpaka baada ya vita vya Kagera. Shemeji zake walimwambia kwa upole kwamba kibanja, shamba lile la migomba, kina wenyewe. Hakubishana. Hakuwa na mtoto, na mjane asiye na mtoto hana kucha za kushikia ardhi ya watu.

Aliyempokea ni kaka yake Protase, seremala. Hakumwuliza atakaa mpaka lini. Siku hiyohiyo alilipachika jembe mpini, akamfagilia chumba. Alistidia alimshukuru Mungu kila asubuhi, lakini alishukuru kama mtu anayeota moto wa jirani: joto analipata, kuni si zake. Protase naye alikuwa amemzika mke, hakuachiwa mtoto, na mashavu yake yalikuwa yameanza kubonyea. Siku akifa, kila kitu kingekwenda kwa Rugaibula, mtoto wa baba yao mdogo, maana desturi haikumrithisha mwanamke ardhi ya ukoo. Alistidia alikuwa na miaka arobaini na mmoja. Mahali pa tatu pa kukaribishwa hakupajua. Aliyaweka hayo moyoni, akaendelea kumenya ndizi.

Siku ambazo mikono ilikataa randa, Protase alikaa barazani akichora juu ya kipande cha plaiwudi. Alichora ziwa, visiwa, milima yenye theluji ya chokaa, na falme nne zenye majina ambayo hakuna mtu aliyewahi kuyasikia.

"Ni mchezo," alisema. "Mchezo wa vita."

"Vita tena? Kuvuka Kagera na mgambo hakukukutosha?"

"Kule niliamriwa, dada. Hapa naamuru mimi."

Jumapili moja baada ya misa alimwita akae mkekani, wa kwanza kabisa kuucheza. Ulikuwa bado mbichi. Ufalme mmoja haujapakwa rangi, dadu iliyochongwa ikaelemea upande mmoja ilipenda kuangukia tatu, na sheria zilikuwa kwenye daftari lenye mistari iliyofutwa na kuandikwa tena mpaka karatasi ikatoboka. Wafalme wawili alikwisha kuwachonga kwa mti wa mvule. Askari bado. Kwa hiyo Protase alichukua maharage, na Alistidia akapewa akamwani, zile buni zilizochemshwa na kukaushwa ambazo mgeni hupewa atafune.

Mwanzoni Alistidia alicheza kwa huruma, kama mtu anayekunywa uji wa mgonjwa ili mgonjwa naye anywe. Kisha akasahau huruma. Nchi ile ilimshika. Kulikuwa na viboko wenye mabawa waliobeba askari sita sita juu ya maji. Kulikuwa na ukungu uliouzwa kwa mikungu ya ndizi; ukiununua, adui hana ruhusa ya kuuliza una askari wangapi. Kulikuwa na kisiwa kilichohama kila dadu ilipoangukia moja. Aligundua kwamba anaweza kukiacha kisiwa kimfuate adui, kisha ashuke kutoka angani nyuma yake.

"Unaniibia!" Protase alilalama.

"Nasoma daftari lako. Kama umeandika vibaya, mlaumu seremala."

Alikuwa hajamsikia kaka yake akicheka hivyo tangu matanga ya wifi yake.

Hapo akaingia Mzee Rweyemamu, mkubwa wa ukoo, akitoka kanisani. Alistidia alipiga magoti kumwamkia kwa jina la heshima, ta, akaenda kumletea kigoda. Aliporudi alimkuta mzee ameinama juu ya ubao, anatafuna taratibu.

"Ta Rweyemamu!" Alistidia alipiga ukelele. "Umetafuna jeshi langu!"

Mzee akaacha kutafuna. "Mnamwekea mgeni kahawa mbele yake, halafu mnamwambia ni jeshi?"

"Saba, ta! Umekula askari saba walinzi wa daraja!"

"Basi walikuwa wamekauka vizuri," mzee alisema, akameza. Protase alicheka mpaka akakohoa, wakalazimika kumpa maji. Mzee hakuondoka. Alitaka kuona nani atashinda.

Hata bila wale saba, Alistidia alikuwa anaongoza. Ndipo dadu ikaangukia sita, na sita ilikuwa homa. Mfalme wake akafa. Protase akaanza kuzikusanya buni zote, moja moja, akizisogeza upande wake.

"Unafanya nini?"

"Mfalme amekufa bila mwana. Watu na nchi vinakwenda kwa jirani wa karibu. Imeandikwa, ukurasa wa nne."

Alistidia alitazama ufalme wake ulivyobaki mtupu. Alitaka kunyamaza kama alivyonyamaza Muleba. Ulimi ulimtangulia.

"Mchezo wako ni mzuri, mwana wa mama. Sijawahi kuona kitu kizuri hivi. Lakini hapo umekosea."

"Ndivyo desturi ilivyo."

"Desturi ya nchi gani? Nchi hii umeitunga mwenyewe. Umeweza kumpa kiboko mabawa, ukashindwa kumpa mfalme dada?"

Protase alizishika zile buni mkononi, hakuzisogeza tena. Mzee Rweyemamu alitazama migomba.

"Niache nifikiri," Protase alisema mwishowe. Alistidia akakimbilia jikoni. Alijiona amemwonyesha kaka yake kaburi lake.

Siku tatu Protase hakugusa ubao. Ya nne alimtuma mtu amwite Rugaibula, na Mzee Rweyemamu akaja na wazee wawili. Kibuyu cha rubisi, pombe ya ndizi, kikawekwa katikati. Protase alizungumza akiwa ameegemea nguzo. Kibanja cha ukoo, chenye nyumba na makaburi, alimwachia Rugaibula. Kile kidogo cha kando ya barabara, chenye mibuni thelathini, alichokinunua kwa mbao na misumari baada ya vita, alimpa Alistidia.

"Ampe nani baadaye?" Rugaibula aliuliza. "Atakayemwoa?"

"Ampe amtakaye. Hakikutoka kwa babu yetu, kimetoka mikononi mwangu."

Rugaibula alikunywa, akafuta mdomo. "Ugonjwa umekufundisha ubishi, kaka."

"Sikufundishwa na ugonjwa. Nilishindwa mchezo."

Mzee Rweyemamu aliandika kwa mkono wake, wote wakatia dole gumba. Alistidia alipiga magoti mbele ya kaka yake. Maneno yote ya shukrani aliyokuwa akimwambia Mungu kila asubuhi yalimkimbia, likabaki moja la Kihaya. "Wakola," alisema. "Wakola." Protase alimshika bega, akamwambia ainuke, magoti yataota sugu.

Protase alifariki mwezi wa pili baada ya kikao kile, mchana, dada yake akimpangusa uso.

Siku za kilio zilipokwisha, Alistidia alimwona Rugaibula akija kwa barabara na panga na jembe. Karatasi ni karatasi, na aliyetamka maneno yake amekwenda. Alisimama katikati ya mibuni yake thelathini, asijue aweke wapi mikono.

Rugaibula alitua mzigo begani. Ulikuwa vipande vya mlamula, mmea wa kuwekea mipaka, vibichi, vimekatwa asubuhi ile.

"Mzee Rweyemamu yuko nyuma anakuja kushuhudia," alisema bila kumtazama sana. "Dada, shika hivi vipande. Mimi nachimba, wewe unapanda. Mpaka ukipandwa na mtu mmoja hubishaniwa."

Alistidia alivipokea. Walianzia kando ya barabara, wakateremka na mteremko, kipande kwa kipande, hadi kwenye jiwe la chini kabisa.