Hata Ulaya Wameshindwa

Kwaya ya kigango ilikuwa katikati ya wimbo nilipofungua mlango wa haisi pale kituoni Mabawe na kutanguliza magongo yangu nje, kama ninavyofanya siku zote. Wimbo ukakatika. Besi ikabaki inanguruma peke yake kidogo, kisha nayo ikanyamaza. Nikashuka kwa mguu wangu mmoja, sketi imepigwa fundo upande wa kushoto. Watu walikuwa wengi, wamevaa nguo za Jumapili na ilikuwa Alhamisi, na wote, haki ya Mungu, walikuwa wanaliangalia lile fundo.

Mbele yao alisimama mama yangu. Mkononi ameshika viatu vipya vyeusi vya kike, jozi nzima. Tangu nikiwa mtoto sijawahi kununuliwa kiatu cha kushoto.

Shangazi yangu, dada wa marehemu baba, alikuwa amekuja kutoka kwake Nyamahanga kule Biharamulo. Yeye ndiye aliyefungua kinywa wa kwanza, na hilo halikunishangaza, maana kinywa chake hakijawahi kufungwa vizuri.

"Yesu na Maria!" akapiga kelele. "Hata Ulaya wameshindwa?"

"Wameshindwa nini, shangazi?" Hata shikamoo niliisahau.

"Mguu! Mguu wenyewe uko wapi?"

Nimetoka kwenye mashindano ya gofu, nimekaa kwenye ndege na mabasi mpaka kiuno kimekufa ganzi, halafu mtu ananiuliza mguu wangu uko wapi. Nilidhani shangazi amechanganyikiwa. Nikamtazama mama anisaidie, nikakuta na yeye anasubiri jibu.

Kwanza niuelezee huo mguu. Ulikatwa nikiwa darasa la tatu. Nilijikata kwa jembe shambani, kidonda kidogo tu, kikapakwa dawa za majani, kikafunga juu huku ndani kinaoza, mpaka kikapasuka. Baba alikuwa Biharamulo machimboni anatafuta dhahabu, na simu za mkononi hazikuwepo. Ukoo wake, na shangazi wakati huo alikuwa bado anakaa kwetu, ukasema asubiriwe, mtoto ni wake. Mama hakusubiri. Alinibeba mgongoni, jitu zima la darasa la tatu, mpaka hospitali ya misheni. Daktari akamwambia achague, mguu au mtoto. Mama akasema kateni.

Baba aliporudi alikaa kimya, na mpaka anaingia kaburini hakuwahi kulitaja jambo lile. Aliyelitaja ni shangazi. Kwenye harusi, kwenye msiba, hata ukoo ukigombania migomba ya mpakani, lazima alitoe: "Mwanamke aliyekwenda kumkatisha mtoto wa watu mguu bila ruhusa." Na mama siku zote alijibu yale yale, kwa sauti ya chini: "Nisamehe, wifi." Nimekua nayasikia maneno hayo mpaka yakawa yananipanda kichwani. Mara ngapi nimemwambia mama ajibu! Ananiambia, "Nyamaza mwanangu, hujui." Basi nanyamaza, na wengine wananiona nina kiburi.

Gofu niliikutia Arusha. Nilikuwa nafanya kazi ya kufua kwenye hoteli yenye uwanja wa gofu. Siku moja napeleka taulo, nikamwona mteja mmoja mwenye kitambi anaukosa mpira, anaukosa tena, anaulaumu upepo. Nikacheka. Akageuka amevimba: "Njoo upige wewe basi, kama ni rahisi!" Angezijua hasira zangu asingesema. Nililaza magongo kwenye nyasi, nikasimama kwa mguu mmoja, nikachukua fimbo yake. Pigo la kwanza nilichimba udongo. La pili, mpira ukaondoka ukapita miti. Yule bwana alikaa chini. Watu waliniuliza nimejifunzia wapi, na mimi sikuwa nimejifunza popote. Nimelima maharage Mabawe kwa mguu mmoja miaka na miaka, kuinua chuma na kukishusha bila kupepesuka hakunipi shida. Kocha wa pale akaniita siku ya pili yake, na tangu hapo kila nikitoka kufua naenda uwanjani.

Mwaka huu nikachaguliwa kwenye timu ya taifa ya wachezaji wenye ulemavu. Nikampigia mama. "Mama, nakwenda Ulaya. Tunakwenda kucheza gofu na walemavu wenzetu wa nchi nyingine." Nikamsikia analia. "Asante Yesu," akasema. "Nenda mwanangu. Fanya kila kitu watakachokuambia." Nikajua analia kwa furaha ya mtoto kuchaguliwa. Kumbe!

Kwetu, gari likija kukusanya walemavu lina maana moja tu. Katekista anatangaza baada ya misa: wenye watoto wa miguu iliyopinda, wenye midomo iliyopasuka, wajiandikishe, gari la hospitali linakuja. Watoto wanapakiwa, wanakaa huko wiki kadhaa, wanarudi wamenyooka. Hakuna aliyewahi kuona walemavu wanakusanywa kwa jambo jingine. Na ule mchezo? Hilo ndilo liliwathibitishia kabisa. Hospitalini wale watoto hupewa mpira, waurushe na kuupiga, ndiyo mazoezi ya viungo. Kwa hiyo kijiji kizima kilipiga hesabu yake: kama gari la misheni linanyoosha mguu uliopinda, basi ndege lazima inarudisha uliokatwa. Kisha nikawatumia picha ya timu, tumesimama nyuma ya bango kubwa, tunaonekana kuanzia kifuani. Nasikia ile picha ilizungushwa kigango chote. "Mnaona? Amesimama mwenyewe, magongo hayapo!" Magongo yalikuwa chini, nyuma ya bango.

Na huko Ulaya nako nilishtuka vya kutosha. Tulikuwa wanne: kapteni wetu asiye na mkono wa kulia, mzee mmoja wa mguu wa bandia, dada mmoja mfupi wa kimo, na mimi. Kila mmoja anacheza mpira wake, lakini mapigo ya wote yanajumlishwa, na timu yenye mapigo machache ndiyo inayoshinda. Ukiharibu, umewaharibia wote.

Asubuhi ya kwanza nikamwona mwanaume wa timu nyingine ambaye mikono yake imeishia kwenye viwiko. Nikamwonea huruma, nikisema moyoni, maskini, huyu kaletwa kutazama. Akaibana fimbo kati ya shavu na bega, akazunguka kiuno, pwaa! Sikuuona mpira ulikoangukia. Mama weee! Nilisimama kinywa wazi mpaka kapteni wetu akanisukuma: "Dada, funga mdomo, tunacheza." Pembeni alikuwepo mama wa yule mwanaume, bibi kizee wa mvi tupu. Alikuwa anamfokea mwanawe. Nikauliza anasema nini, nikaambiwa anamwambia umepinda mgongo, hukunisikiliza tangu jana.

Siku ileile nikaanguka. Mteremko ulikuwa na maji, gongo likateleza, nikajibwaga chini mzima mzima. Nikasubiri. Hakuna aliyesema pole! Kwetu hata mtu akipaliwa na maji utasikia pole kutoka nyumba ya tatu. Wale walisimama wanaongea mambo yao, wanangoja niinuke ili mchezo uendelee. Nilikasirika, nikasema hawa watu hawana utu hata kidogo. Nikainuka na matope yangu, na kwa hasira nikapiga pigo zuri kuliko yote ya siku ile. Baadaye yule wa viwiko naye akaanguka kwenye shimo la mchanga, akagaagaa, akatoka. Mama yake alikuwa anapiga miayo. Jioni, nimelala kitandani, ndipo nikagundua kwamba nimeshinda siku nzima bila mtu hata mmoja kuniita maskini. Nililia, sijui kwa nini, nikaufunika uso na shuka ili yule dada mfupi niliyelala naye chumba kimoja asinisikie.

Siku ya mwisho, shimo la mwisho, mpira wangu ukaangukia kwenye mchanga. Mguu mmoja mchangani unazama. Tulikuwa tunakabana na wenyeji wenyewe, na mimi ndiye niliyebaki. Kapteni akaja pale ukingoni. Nikadhani ananitia moyo. "Usituaibishe," akasema, akaondoka. Nikazamisha kisigino mpaka kikashika, nikapiga. Mpira ukatoka na mchanga wake, ukabiringika taratibu kwenye majani mafupi, ukasimama jirani kabisa na shimo. Nilimalizia kwa pigo moja. Kombe hatukupata, tulikuwa karibu na mkia. Lakini wenyeji tuliwaacha nyuma yetu, na watu walipiga makofi na kupiga miluzi, na kapteni akanikumbatia kwa mkono wake mmoja mpaka mbavu zikaniuma.

Hayo ndiyo niliyoyabeba kichwani kwenye haisi, najiuliza nitaanzia wapi kumsimulia mama. Na badala yake nikakutana na viatu.

Pale kituoni watu walipanga mstari kunipa mkono. "Pole." "Pole sana, binti." "Mapenzi ya Mungu." Mwanakwaya mmoja alikuwa anafuta machozi. Nilitamani kurudi ndani ya haisi na kufunga mlango. Mama alivifungia vile viatu kwenye kitenge chake, akanitangulia nyumbani.

Nyumbani kulikuwa na wali, nyama na rubisi, ile pombe yetu ya ndizi, vimeandaliwa kwa sherehe, na watu wakala kama wako matangani, vijiko tu vinasikika. Mimi nimekaa kwenye kiti kikubwa cha marehemu baba, mchezaji wa taifa, naangaliwa kama maiti. Mama alikuwa jikoni, nyuma ya nyumba, hataki kutoka. Shangazi akakohoa. Nikajua linakuja.

"Mimi nilisema zamani," akaanza, kwa sauti ya kufika jikoni. "Mguu uliokwishakatwa haurudi, hata ukiupeleka kwa Wazungu. Ungesubiriwa mwenye mtoto, leo tusingekuwa na aibu hii. Lakini mwanamke alikimbilia kisu."

Ndipo nilipoelewa vile viatu. Mama hakuvinunua kwa ajili ya mguu wangu peke yake. Mguu ule ungerudi, na lile neno la shangazi lingekufa. Alikuwa ameshaita kwaya ije ishuhudie.

Nilikuwa namtafutia shangazi jibu la kumkata maini, lakini katekista akaniwahi. "Binti," akauliza kwa upole, "kama hawakukutibu, siku zote hizo mlikuwa mnafanya nini huko?"

"Nilisema tangu mwanzo! Tulikuwa tunacheza!" Nikatoa simu, nikawasha video. "Njooni muone wenyewe."

Wakasogea, kwanza katekista, kisha kwaya, kisha wote, vichwa vimebanana juu ya simu. Wakamwona yule wa viwiko anapiga mpira. "Aaa! Aaa!" Mtu akamwaga rubisi. Wakaniona mimi mchangani. "Anaanguka! Anaanguka huyo!" Sikuanguka. Mpira ukatoka, na makofi yakajaa sebuleni, na wanakwaya wawili wakapiga vigelegele bila kujua wanampigia nani.

Nilipoinua macho, mama alikuwa amesimama nyuma yao na mwiko mkononi. "Rudisha," akasema. Nikarudisha. Akatazama yote, mpaka mwisho.

"Huyu asiye na mikono, ana mama?"

"Anaye, mama. Alikuwepo. Ni yule bibi wa mvi."

"Alikuwa analia?"

"Hapana. Alikuwa anamgombeza anapinda mgongo."

Mama akaishika simu. Akautazama ule uso wa bibi kwenye kioo kidogo cha simu, akaukaribia kabisa.

"Kwa hiyo hukwenda kutibiwa."

"Hapana, mama."

"Huumwi."

"Siumwi, mama. Siumwi popote."

Akatikisa kichwa polepole, kama mtu anayesikiliza bei sokoni. Kisha akamgeukia shangazi. Nilimwona anavuta pumzi nikajua, basi, inakuja ile "nisamehe, wifi" mbele ya kigango kizima, na nikaanza kuyatafuta magongo yangu ili nitoke nje nisiisikie.

"Wifi," mama akasema, na sauti haikuwa ile ya chini. "Nilimtoa hapa ananuka, wadudu wameshaingia. Wewe ulikuwa mlangoni, ulinizuia. Nilipomrudisha, mliniuliza mguu uko wapi, ninyi wote. Hakuna aliyeniuliza kama mtoto yuko hai."

Shangazi akafungua kinywa, na kwa mara ya kwanza maishani mwangu nikakiona kinywa kile kimefunguka na hakuna kinachotoka. Mimi mwenyewe nilikuwa na gongo moja mkononi, jingine sakafuni.

"Ni mimi niliyesema kateni," mama akaendelea. "Nimeomba msamaha mpaka ulimi umechoka. Leo nimeacha. Akija daktari sasa hivi akaniuliza tena, wifi, na wewe umesimama hapo hapo mlangoni, nitamwambia kateni."